Tukutuku ya Zamani Juu ya Tela: Kutoka Kolo Hadi Dodoma

Ukitoka Kolo na pikipiki ya zamani juu ya tela, kilomita zitakazokutoa jasho si zile takribani 180 za lami hadi Dodoma. Ni zile tatu nne za mwanzo, kutoka uani kwa mzee mpaka barabara kuu: mchanga wa mto mkavu, jiwe lililojificha kwenye nyasi, kikorongo kilichochimbwa na mvua za mwaka jana. Lami yenyewe tunayo. Barabara ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa mwaka 2018, na aliyewahi kuipita ikiwa vumbi anajua tulikotoka. Lakini pikipiki hizi hazikai kando ya lami. Zinakaa vijijini, ndani ya ghala la mahindi, chini ya mwembe, nyuma ya tembe la zamani, na huko ndiko safari inakoanzia.

Nakuandikia wewe uliyerithi moja ya hizo, au uliyeinunua kwa mzee aliyechoka kuitazama ikila kutu. Yetu ni Yamaha AG100 ya baba yangu mdogo. Alikuwa mtumishi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mradi ulioanza mwaka 1973 kupambana na mmomonyoko uliokuwa unaila milima ya Irangi. Mwaka 1979 mifugo ilipohamishwa kutoka eneo lililoharibika la Kondoa, kazi ya kuzunguka vilimani kukagua matuta na miche ilikuwa ya watu kama yeye. Pikipiki ya aina hii imetengenezwa kwa kazi hizo: injini ndogo inayounguza oili pamoja na petroli, keria mbele na nyuma, mnyororo uliofunikwa wote usiingie vumbi. Wazee wa Kolo waliiita tukutuku, na mimi bado naiita hivyo.

Mara ya kwanza nilipoipeleka kwa fundi Dodoma niliifunga kama tunavyofunga kila kitu, kwa mipira ya tyubu na kamba ya katani. Ilikuwa alfajiri, kamba ina umande. Nilipofika Chemba jua limeshawaka, katani imekauka na kulegea, mpira umevutika, na tukutuku imeegemea ukuta wa tela. Tanki lilikuwa limebonyea pale pale baba mdogo alipozoea kubana goti. Alipoliona bonde lile hakunigombeza. Alilipapasa kwa kidole, akasema, "Mwanangu, uliifunga isianguke. Hukuifunga isicheze."

Maneno yale ndiyo mwongozo wote huu. Kamba ya katani ikilowa hukaza, ikikauka hulegea. Fundo ulilolisifu saa kumi na mbili asubuhi si lile lile saa nne. Na mpira wa tyubu, hata ukiwa imara namna gani, kazi yake ni kuvutika. Kila tuta linaipa pikipiki nafasi ya kuruka kidogo, na kila ikiruka inatua, na kila ikitua inavuta fundo zaidi. Kilo mia za chuma zikianza kucheza hazitulii zenyewe. Lengo lako ni moja: pikipiki na tela viwe mwili mmoja, vikiyumba viyumbe pamoja.

Anza siku mbili kabla, na anza na matairi. Hili watu hulipuuza, kwa sababu pikipiki yenyewe haiendi popote kwa magurudumu yake. Lakini ukiifunga ikiwa na tairi lenye tyubu iliyochoka, upepo utatoka taratibu njiani, pikipiki itashuka sentimita mbili au tatu, na mikanda yote minne utakayoifungia italegea kwa pamoja bila hata mmoja kukatika. Tyubu mpya mbili ni bima rahisi kuliko zote. Jaza upepo, acha usiku kucha, asubuhi bonyeza kwa dole gumba.

Kisha mafuta. Petroli iliyokaa miaka mingi ndani ya tanki inanuka kama rangi ya zamani, na chini yake kuna kutu. Ukiisafirisha hivyo, mtikisiko utaikoroga kutu yote na kuisukuma kwenye kabureta. Imwage kwenye dumu, mbali na moto na mbali na watoto, funga koki, fungua skrubu ya chini ya kabureta utoe iliyobaki. Kama pikipiki bado inatembea, acha mafuta kidogo tu. Tanki lililojaa likipigwa na jua la Chemba litavuja kwenye kifuniko, na petroli juu ya rangi ya miaka arobaini inaacha doa lisilofutika. Betri, kama ipo, itolewe na isafirishwe ikiwa imesimama ndani ya ndoo ya plastiki. Vioo vya pembeni vitolewe. Ziba mdomo wa ekzosi na njia ya hewa ya kabureta kwa kitambaa safi, na funga utepe mwekundu kwenye usukani kukukumbusha kwamba umeziba.

Usiioshe. Najua mkono unawasha kuona vumbi jekundu la Irangi limeganda kwenye injini, lakini fundi mzuri husoma uchafu: oili imetoka wapi, ufa uko wapi, nati ipi imewahi kufunguliwa. Na rangi ya zamani iliyokauka huweza kubanduka ikipigwa maji ya nguvu. Hapa kwetu tunapaswa kulielewa hili kuliko wengine. Michoro ya miambani ya Kondoa, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, imedumu chini ya miamba iliyoinamia mbele kama vibaraza, mahali ambapo mvua haipigi moja kwa moja. Katika nchi nyingi wageni wamewahi kumwagia maji michoro ya namna hiyo ili ing'ae kwenye picha, nayo ikaharibika. Piga picha pikipiki yako kama ilivyo, kila upande, kabla hujaigusa. Picha hizo zitakusaidia kwa fundi, na zitakusaidia zaidi ukifika na kukuta mkwaruzo usioujua.

Sasa tela. Kwa pikipiki moja ya kilo mia au mia na hamsini, tela dogo la magurudumu mawili linatosha, hata lile linalobeba mahindi siku za mavuno, ilimradi sakafu yake ni nzima na lina mahali pa kufungia palipochomelewa kwenye fremu, si kwenye bati la ubavuni. Lipeleke kwa fundi wa kuchomelea Kondoa akuwekee mambo mawili. La kwanza ni kizuizi cha gurudumu la mbele, cha engo na flatibaa, chenye umbo la V, kiwe na kina cha kulimeza gurudumu ili lisigeuke kushoto wala kulia. La pili ni pete nne nzito za kufungia, mbili mbele na mbili nyuma, zikae mbali na mstari wa kati kadiri upana wa tela unavyoruhusu.

Kizuizi kiwekwe wapi? Hapa ndipo matela mengi yanapokosewa. Uzito ukikaa nyuma ya ekseli, mdomo wa tela unainuliwa, na gari likishika kasi tela linaanza kupunga kama mkia wa ng'ombe. Kizuizi kikae mbele kiasi kwamba injini, ambayo ndiyo uzito mwingi wa pikipiki, iangukie mbele kidogo ya ekseli. Kipimo cha shambani: ukiwa umeshapakia, tela likiwa bado halijafungwa kwenye gari, mtu mzima mmoja aweze kuinua mdomo wake kwa shida kidogo. Ukiinuka kwa kidole, sogeza pikipiki mbele. Usipoinuka kabisa, irudishe nyuma.

Angalia pia ule mpira wa chuma nyuma ya gari na kikombe cha tela kinachoukalia. Upo wa milimita 50, upo wa inchi 2 ambao ni milimita 50.8, na upo mdogo zaidi wa milimita 47.6, na kwa macho yote ni sawa. Kikombe kikubwa juu ya mpira mdogo kitakaa vizuri kabisa ukiwa umesimama, kisha kitaruka kwenye tuta. Namba huwa zimegongwa kwenye chuma, zisome. Halafu weka minyororo miwili ya akiba, uipishanishe kwa chini kama msalaba, ili mdomo wa tela ukichomoka uangukie kwenye minyororo badala ya kuchimba lami. Taa za breki na indiketa za tela ziwake. Beringi za magurudumu yake zipakwe grisi mpya, maana magurudumu madogo huzunguka mara nyingi zaidi kuliko ya gari kwa umbali ule ule, na hupata moto mapema.

Kupakia ndiko kunakovunja miguu ya watu. Usipande juu ya pikipiki na kuiendesha kwenye ubao, hata ukiwa na uzoefu wa miaka ishirini. Isukumeni watu watatu, injini imezimwa: mmoja kwenye usukani upande wa kushoto, mkono kwenye breki, wawili nyuma wakisukuma fremu na keria. Ubao wa mita mbili na nusu kwenye tela lenye kimo cha sentimita sitini unatoa mwinuko wa wastani. Ubao wa mita moja na nusu unageuka ngazi. Weka ubao wa pili pembeni kwa ajili ya mtu wa usukani, maana akifika katikati hana pa kukanyaga. Ncha za juu za mbao zifungwe kwenye tela zisiteleze.

Lakini huku Kolo tuna msaada ambao mtu wa mjini hana. Vilima na kingo za makorongo ziko kila mahali. Tafuta ukingo imara, si ule uliomomonyoka chini, rudisha tela mpaka mkia wake ugusane na ardhi ya juu, zuia magurudumu yake kwa mawe, na pikipiki itaingia karibu bila kupanda. Mimi sijapakia kwa ubao mrefu tangu nigundue hili.

Tufike kwenye kufunga, na hapa usiwe na haraka. Unahitaji mikanda minne ya racheti, ile ya madereva wa malori, na vitanzi vinne vya kitambaa laini. Vitanzi waweza kuvishona mwenyewe kwa mkanda wa kiti cha gari kutoka kwa wauza vipuri vya mitumba. Ni imara na haukwaruzi. Usiingize ndoano ya chuma moja kwa moja kwenye pikipiki. Mkanda ukiwa na lebo yenye namba mbili, moja ya kukatikia na moja ya kufanyia kazi, ifuate ile ndogo. Uingereza wana kanuni ninayoipenda kwa urahisi wake: mzigo ufungwe uweze kuzuiwa kwa nguvu sawa na uzito wake wote kuelekea mbele, na nusu ya uzito kuelekea pembeni na nyuma. Ina maana kwamba gari likifunga breki ghafla kwa sababu ya mbuzi, pikipiki ya kilo mia inasukuma mbele kama kilo mia nyingine.

Stendi zote ziinuliwe. Hili ni la kwanza. Ukiikaza pikipiki ikiwa imeegemea stendi ya pembeni, uzito wote wa mikanda unashukia kwenye kibolti kimoja kilichochomelewa kwenye fremu miaka ya 1970 au 1980, na kikipinda unakuwa umepinda fremu. Pikipiki isimame kwa magurudumu yake, wima kabisa, gurudumu la mbele ndani ya kizuizi.

Mbele, vitanzi vizunguke kwenye ule mkono wa chini unaoshika shokapu mbili, chini ya taa. Usifunge kwenye mishikio ya usukani. Usukani wa zamani hujizungusha kwenye vishikio vyake, nao ukizunguka sentimita moja mkanda unakuwa umelegea. Usifunge kwenye keria, hata kama inaonekana nzito, wala kwenye ekzosi, wala kwenye spoki. Mikanda ishuke kwenda mbele na nje, kila mmoja upande wake, kwa mshazari wa karibu nyuzi 45. Kaza kidogo kushoto, kidogo kulia, ukirudia, macho yako kwenye shokapu. Zikishuka kama theluthi ya safari yake, simama. Shokapu iliyobanwa mpaka mwisho itapasua sili zake na kumwaga oili kabla hujafika Mela, na sili za pikipiki hizi siku hizi ni za kuagiza. Ukikuta sili zimeshachoka, weka kipande cha mbao kati ya tairi na chuma cha juu yake ili mbao ndiyo ibebe mkazo. Kisigusane na madigadi ya bati, yatapinda.

Nyuma, vitanzi vishike fremu yenyewe karibu na vikanyagio vya abiria, au ule mkono unaobeba gurudumu kama bolti zake si za kutia shaka. Mikanda hii iende nyuma na nje. Kazi yake ni kuzuia mkia usiruke na usiende kando, kwa hiyo haihitaji kukazwa kama ya mbele. Pale mkanda unapopita karibu na rangi, weka kipande cha blanketi na ukifunge kisidondoke. Sokota kila mkanda mara moja kabla ya kuukaza. Mkanda bapa hupigwa na upepo ukatetemeka kama ngozi ya ngoma, na mtetemo huo huilegeza racheti. Mikia iliyobaki ifungwe.

Sasa shika keria ya nyuma kwa mikono miwili, utikise kwa nguvu zako zote. Tela litikisike na pikipiki. Kama pikipiki inatikisika peke yake, rudia.

Gia niache wapi? Mafundi hubishana. Mimi huiacha huru, kwa sababu sipendi meno ya gia za zamani yabebe kila mshtuko wa barabara wakati kizuizi na mikanda vipo kwa kazi hiyo. Kwa pikipiki nzito kama BSA M20 ya vita vya pili vya dunia, ambayo inapita kilo 160, ongeza mkanda wa tano unaoshika gurudumu la mbele kwenye kizuizi. Vespa nayo ina mambo yake: haina fremu ya mabomba, mwili wake ni bati lenyewe, kwa hiyo mkanda usipite juu ya bati la magoti kamwe.

Turubai? Watu hufunika kwa upendo na kuharibu kwa turubai. Likiwa limelegea, vumbi linaingia chini yake, upepo unalipigapiga, na kwa mwendo wa saa mbili tatu unakuwa umeipiga tukutuku msasa. Kiangazi, kwenye lami, iache wazi. Ukilazimika kufunika kwa sababu ya mvua ya Januari, tanguliza shuka la pamba, kaza turubai juu yake lisibaki hata kona ya kupepea. Na ile desturi ya kuilaza pikipiki ubavu kwenye buti la basi, waachie wenye pikipiki mpya. Ya zamani itavuja oili na petroli kutoka kila tundu.

Makaratasi ni mafupi kuyaeleza na marefu kuyatafuta. Tela liwe na namba yake na bima. Beba kadi ya pikipiki. Kama jina la kwenye kadi ni la marehemu, au kadi yenyewe ilipotea zamani, pata barua ya mtendaji wa kijiji inayoeleza pikipiki ni ya nani na inakwenda wapi kwa kazi gani, pamoja na nakala ya nyaraka za mirathi kama zipo. Trafiki akikuona na chombo chenye namba za zamani ana haki ya kuuliza, na barua yenye mhuri inafupisha mazungumzo.

Njiani, zile kilomita za mwanzo nenda kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka, na mwombe kijana mmoja atembee nyuma akitazama mikanda. Kwenye mchanga wa mto usisimame katikati. Ukigusa lami, simama kabla hujaongeza kasi: kaza tena mikanda yote. Lazima itakuwa imelegea, kwa kuwa shokapu na vitanzi vimeshajikalia. Kuteremka kuelekea Kondoa tumia gia, usiikalie breki, maana tela litakusukuma kwenye kona. Simama Kondoa mjini, gusa vitovu vya magurudumu ya tela kwa kiganja. Joto la kawaida si neno. Kama huwezi kuacha kiganja hapo, beringi inakufa, na fundi wa Kondoa yuko karibu kuliko fundi wa porini. Baada ya hapo simama kila saa moja.

Kilomita sabini kwa saa zinatosha. Vijijini ni hamsini kwa sheria, na kwenye matuta na rasta shuka mpaka chini kabisa, kwa sababu gari lenye springi nzuri litakudanganya: wewe umekaa raha, tela lisilo na uzito mkubwa linaruka nyuma yako. Dereva anayekuja na wewe aelezwe hili kabla, si baada. Alasiri upepo wa uwanda huu ukivuma kutoka ubavuni kati ya Chemba na Mayamaya, utausikia kwenye usukani. Ukihisi tela linaanza kupunga, usifunge breki na usikanyage mafuta. Ondoa mguu taratibu, shika usukani unyooke, liache lichoke lenyewe.

Ukifika Dodoma, haraka ya kuishusha ndiyo inayoangusha. Mtu mmoja ashike usukani kwanza, wa pili ashike mkia, ndipo mikanda ya nyuma ifunguliwe. Ya mbele ilegezwe kidogo kidogo kwa zamu, kushoto na kulia. Ukiachia upande mmoja kwa mkupuo, shokapu zitaruka na kuitupa pikipiki upande wa pili. Breki za zamani haziaminiki kwenye ubao wa kuteremkia, basi irudishe kinyumenyume injini ikiwa imezimwa, gia namba moja, mkono kwenye klachi: ukiachia klachi inasimama, ukiibana inashuka. Kwa namna hiyo mtu mmoja mwepesi anaweza kuishusha tukutuku yote kwa vidole vinne.

Kisha utafute ule utepe mwekundu kwenye usukani, utoe vitambaa kwenye ekzosi na kabureta, uviweke mfukoni, ndipo umwite fundi.